Nuru ya mwili na nuru ya imani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa giza na nuru. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Siku moja baada ya swala ya Ishaa, kijana mmoja anayesoma chuo kikuu alinisubiri mlangoni mwa msikiti mpaka watu wakaisha. Akanionesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe ulisema kuwa wanasayansi wa Japani wamepiga picha ya nuru inayotoka kwenye uso wa mwanadamu, na kwamba hiyo ndiyo nuru ya udhu na sijda iliyotajwa katika Qur'an na Hadith. Yeye aliupokea kwa takbira, akawatumia wenzake wote wa darasani, Waislamu na wasio Waislamu.

Jibu halikuchelewa. Mwenzake mmoja alimletea habari kuwa panya nao wanatoa mwanga wa namna hiyo hiyo, na majani ya miti vile vile. Kisha akamuuliza mbele ya watu: "Na panya naye ametawadha?" Darasa zima likaangua kicheko.

Kijana yule alisema kicheko alikivumilia. Kilichomkosesha usingizi ni wazo lililomjia usiku akiwa peke yake: kama hili niliyoliamini kwa moyo wote si kweli, je, mangapi mengine ninayoyaamini si kweli? "Ustadh," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hivi ile nuru ipo?"

Ndugu Waislamu, swali hilo si dogo, na halimhusu kijana yule peke yake. Basi tulitazame kwa utulivu.

Walichokiona wanasayansi

Ni kweli kwamba mwili wa mwanadamu unatoa mwanga. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana watano wa kiume wenye afya. Waliwaweka vifua wazi katika chumba chenye giza totoro, wakawapiga picha kwa kamera maalumu iliyopoozwa hadi kufikia nyuzi joto 120 chini ya sifuri. Kila picha ilichukua dakika 20. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya saa tatu, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, kwa muda wa siku tatu.

Ikaonekana kuwa mwili unang'aa, lakini kwa mwanga hafifu mno, dhaifu mara 1,000 kuliko ule ambao jicho letu linaweza kuuona. Uso ndio uliong'aa zaidi ya sehemu nyingine. Mwanga ulikuwa mdogo kabisa saa 4 asubuhi, ukafikia kilele mnamo saa 10 jioni, kisha ukapungua usiku.

Mwanga huo unatoka wapi? Mwili unatumia oksijeni tunayoivuta ili kupata nguvu kutokana na chakula. Katika kazi hiyo huzalika chembe ndogo zenye msukosuko, ambazo hugusana na mafuta na protini za mwili. Zile zilizopata msukosuko zinapotulia, baadhi yake huachia punje ya mwanga. Huu siyo ule mnururisho wa joto la mwili, maana watafiti walilinganisha na picha za joto wakakuta havilingani.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, nao wakaeleza walivyowapiga picha panya wanne, kwanza wakiwa hai, kisha baada ya kufa. Ingawa miili iliachwa na joto lile lile, mwanga ulipungua sana baada ya kifo. Majani ya mimea nayo yalitoa mwanga, na pale yalipojeruhiwa yakang'aa zaidi.

Hayo ndiyo yaliyopatikana. Ni mwanga wa uhai. Anao Muislamu na asiye Muislamu, mwema na muovu, mwenye kuswali na asiyeijua kibla.

Kosa liko wapi?

Kosa halipo katika Qur'an, wala halipo kwa watafiti. Kosa ni letu sisi tunaochukua neno la Mola wetu na kulifunga kwenye habari ya gazetini kabla hatujaisoma mpaka mwisho. Waliposikia uso ndio unaong'aa zaidi, watu wakasema: hiyo ndiyo alama ya sijda iliyotajwa katika Surat al-Fat-h (48:29). Hakuna aliyejiuliza kama vijana wale watano waliteuliwa kwa ajili ya swala zao. Na kesho atatokea mwingine aseme kuwa saa 10 jioni ni wakati wa Alasiri, basi huo nao ni muujiza. Lakini je, saa 4 asubuhi, mwanga unapokuwa mdogo, tutasemaje?

Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat al-Hujuraat (49:6) tuhakikishe habari tunayoletewa, na katika Surat Bani Israil (17:36) ametukataza kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo. Mara nyingi aya hizi tunazisoma pale tunaposikia habari mbaya juu ya mtu. Lakini habari inayotufurahisha nayo ni habari, na yenyewe ndiyo hupita bila kuulizwa.

Wala madhara yake hayaishii kwenye kuchekwa. Mwenye kuitundika imani yake kwenye msumari wa habari ya leo, siku msumari ukitoka, imani nayo itaanguka. Na wapo wajanja wanaouza "picha za nuru ya mwili" zenye rangi rangi, wakidai zinaonesha hasadi na majini. Ipo njia ya picha iliyogunduliwa na Kirlian huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1939, ambayo huonesha miale ya rangi kuzunguka vidole. Ile ni cheche ya umeme mkubwa unaopitishwa hapo, na hubadilika hata kwa unyevu wa jasho. Muislamu asitoe fedha yake kwa hilo.

Nuru iliyoahidiwa

Je, basi mwanga huu hauna maana kwetu? Unayo. Surat adh-Dhaariyaat (51:21) inatutaka tuzitazame ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu. Kila tonge tunalokula na kila pumzi tunayovuta vina kazi ndani yetu inayotoa mwanga usiku na mchana, nasi hatuna habari. Hiyo inatosha kumshukuru Muumba, bila ya kuiongezea chumvi.

Ama nuru ya waumini ni jambo jingine. Katika Surat al-Hadiid (57:12-13) Allah (S.W.) anatueleza Siku ambayo nuru ya waumini itakwenda mbele yao na kuliani kwao. Wanafiki watawaomba wawangoje ili wapate japo kidogo katika nuru hiyo, wataambiwa warudi nyuma wakaitafute, kisha utawekwa ukuta baina yao. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadith iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa umma wake utakuja siku hiyo nyuso na viungo vikimeremeta kwa athari ya udhu.

Zingatia tofauti. Mwanga wa mwili tumepewa wote bila kuuomba, na hufifia mtu anapokufa. Nuru ile huchumwa kwa amali, na tunaihitaji zaidi baada ya kufa. Haikopeshwi wala hairithiwi, na hakuna kamera itakayokuonesha leo unayo kiasi gani.

Inachumwa wapi? Katika udhu wa alfajiri maji yakiwa baridi. Katika hatua za kwenda msikitini gizani. Na katika kuacha dhulma, maana Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa dhulma itakuwa giza juu ya giza Siku ya Kiyama. Mwenye kuchelewesha mshahara wa mtumishi wake wa ndani, mwenye kuchezea mizani dukani, mwenye kula mirathi ya yatima, hata uso wake ung'ae namna gani mbele ya kamera ya Wajapani, ajue anajiwekea giza.

Kijana yule nilimjibu: "Ile nuru ipo, mwanangu. Aliyeiahidi ni Allah, na ahadi yake haikungoja maabara. Kesho waambie wenzako kuwa ulikosea kuunganisha, na usione haya." Alikwenda, akawaambia. Nadhani kukiri ukweli mbele ya waliokucheka ni katika mambo yanayomzidishia mtu nuru.

Tumuombe Mola wetu atutimizie nuru yetu na atusamehe, kama waumini watakavyoomba siku hiyo (66:8).

Wallahu a'alam.