Mtoto Kumzidi Mama Umri

Je, mashahidi wawili wakipingana, ni lazima mmoja awe mwongo? Wengi hujibu upesi: ndiyo, na tena tunamjua ni nani. Mimi nasema tungoje kidogo, tutazame juu.

Kilimia mnakijua. Wakulima wetu wamekifuata miaka nenda miaka rudi, kumbe kwa nyota kile ni kitoto, kina miaka kama milioni 100 tu. Wazee wenyewe ni makundi kama 47 Tucanae na M92, yaliyosongamana nyota malaki kwa malaki. Galaksi yetu ina makundi ya namna hiyo zaidi ya 150.

Umri wake hujulikanaje, na nyota hazina cheti cha kuzaliwa? Huulizwa katika rika nani wamekwisha kufa. Nyota za kundi moja zilizaliwa karibu wakati mmoja. Nyota kubwa huunguza haidrojeni yake kwa pupa, hufa mapema. Ndogo hubana matumizi, huishi sana. Ukijua zilizokwisha ni zenye ukubwa gani, umepata umri.

Hesabu hiyo ilileta kizaazaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi mengine yalipewa miaka bilioni 14 na zaidi. Mwaka 1994 Wendy Freedman na wenzake, kwa darubini ya Hubble, walipima ulimwengu unavyotanuka. Ikatoka kwamba ulimwengu wenyewe huenda una bilioni 8 hadi 12. Eti mtoto kamzidi mama!

Nani alidanganya? Hakuna. Mwaka 1997 vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vilionyesha kuwa makundi yako mbali zaidi. Basi nyota zake zinang'aa zaidi ya ilivyodhaniwa, zinakula haraka, na umri wake ni mdogo. Mwaka 1998 ikagunduliwa kuwa kutanuka kunaongeza kasi, na umri wa mama ukapanda. Leo ulimwengu una bilioni 13.8, makundi yale kama 12 au 13.

Kila shahidi alisahihishwa kwa ushahidi wake mwenyewe, si kwa kutishwa na mwenzake. Sisi je? Barazani tunamkazia macho mnyonge, kijana au mjane, abadili neno ili kikao kiishe kabla ya magharibi. Kikao kinaisha kweli, watu wanapeana mikono. Lakini kama kipimo chetu ndicho kilichopinda, nani tena atatuambia, ikiwa aliyekiona tumemnyamazisha?