Tawi la Shujaa Aliyeshindwa: Nyakati Mbadala na Wajibu wa Msimulizi katika Mighani ya Otenyo

Utangulizi

Swali la iwapo kisa kimoja kinaweza kuwa na miisho mingi, na miisho yote hiyo ikawa kweli, si geni katika falsafa wala katika fasihi. Aristotle aliitenga kazi ya mwanahistoria, ambaye husema yaliyotokea, na ile ya mshairi, ambaye husema yanayoweza kutokea. Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1710 kuhusu haki ya Mungu, alimchora mtu akitembezwa katika kasri lenye vyumba visivyohesabika, kila chumba kikiwa ulimwengu kamili ambamo Sextus anaishi maisha tofauti. Borges alilifanya fumbo hilo kuwa hadithi ya ujasusi mwaka 1941. Kilicho kipya ni kwamba katika miongo ya karibuni swali hili limetoka katika vitabu vya wachache na kuingia katika burudani ya umma, hasa katika michezo ya video, ambamo kijana asiyepata kusikia jina la Leibniz hujadili kwa bidii ni wakati upi, kati ya nyakati kadhaa, ulio halali. Mhakiki wa fasihi asiharakishe kulipuuza jambo hili kwa kuwa tu limetokea mahali pasipo na rafu za vitabu.

Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka Gusii, yaani katika kaunti za Kisii na Nyamira, kwenye mighani ya Otenyo Nyamaterere. Hoja yake ni kwamba uhuru alio nao mtunzi wa mchezo wa video wa kuzidisha nyakati hauhamishiki kwa msimulizi wa mighani bila gharama, na kwamba anayeilipa gharama hiyo si msimulizi mwenyewe.

Tawi la kushindwa

Mfano ufaao zaidi unatoka katika mfululizo wa The Legend of Zelda, ulioanzishwa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1986. Katika michezo mingi ya mfululizo huo yumo shujaa aitwaye Link, yumo binti mfalme Zelda, na mara nyingi yumo adui aitwaye Ganon. Kwa miaka mingi haikueleweka michezo hiyo inafuatanaje. Mwaka 2011 kilitolewa kitabu kiitwacho Hyrule Historia kilichoipanga. Hadi kufikia mchezo wa Ocarina of Time, uliotoka mwaka 1998, wakati ni mmoja. Kutoka hapo unagawanyika kuwa matawi matatu. Mawili yanazaliwa na mwisho wa mchezo wenyewe: shujaa anarudishwa miaka saba nyuma, na hivyo unabaki ulimwengu aliouacha akiwa mtu mzima na ulimwengu anaourudia akiwa mtoto. Tawi la tatu ni la ajabu zaidi. Ndani yake shujaa ameuawa katika pambano la mwisho.

Mwisho huo hauonyeshwi popote katika mchezo. Hata hivyo, kila mchezaji aliyewahi kushindwa na Ganon ameuona mlango wake, akaufunga na kuanza upya. Zaidi ya hayo, waandalizi waliiweka katika tawi hilo la maafa michezo ya mwanzo kabisa, ile ya 1986, 1987 na 1991. Maana yake ni kwamba kizazi cha kwanza cha wachezaji kilikuwa kikitembea katika magofu ya ulimwengu ulioshindwa, nacho hakikujua hadi robo karne ilipopita. Kama ufundi wa usimulizi, hili ni jambo la kusifiwa, na hakuna aliyedhulumiwa nalo. Link hana mama nje ya tamko la mtunzi wake. Akifa katika tawi moja na kuishi katika mawili, hakuna mji unaoomboleza. Mtunzi anaamuru, na inakuwa.

Sasa na itazamwe Gusii. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliingia katika nchi hiyo na kuua watu kwa bunduki ya rashasha. Mwaka 1907 boma la serikali likajengwa mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Wagusii walipaita pia Bosongo, kwa sababu ya wazungu. Afisa aliyekuwa hapo, Geoffry Northcote, alipewa na wenyeji jina la Nyarigoti. Mnamo Januari 1908, Northcote alipokuwa akiswaga ng'ombe waliotwaliwa kwa nguvu, Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki. Masimulizi yanamweka nyuma ya Otenyo mwanamke mmoja, Moraa wa Ngiti, mganga na mwonaji aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote hakufa. Aliishi akapanda vyeo, akawa gavana wa Guyana ya Kiingereza na baadaye wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, ambako chuo cha ualimu kilipewa jina lake. Otenyo aliuawa. Inasimuliwa Gusii kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na madai ya kukirudisha yametolewa hadharani mara kwa mara. Msafara wa kuadhibu uliofuata ulichoma nyumba, ukateka mifugo na kuua watu kwa wingi.

Ikisemwa kwa lugha ya Hyrule Historia, mji wa Kisii wenyewe ni tawi la shujaa aliyeshindwa. Soko lake, ofisi zake na barabara zake ziliota kutokana na boma ambalo mkuki wa 1908 haukuling'oa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna matawi mengine mawili.

Matoleo na ulimwengu

Hapo ndipo mazoea ya uhakiki wa fasihi simulizi yanapohitaji kuchunguzwa. Tangu Albert Lord alipochapisha utafiti wake juu ya waimbaji wa tendi mwaka 1960, na Ruth Finnegan kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, wanafunzi wamefundishwa kwamba hakuna toleo asilia: kila utendaji ni kazi kamili, na kuuliza lipi ni toleo la kweli ni kuielewa vibaya fasihi simulizi. Fundisho hili lilikuwa ukombozi, na kwa ngano linafaa kabisa. Zimwi likiuawa kwa moto katika kijiji kimoja na kwa maji katika kingine, msikilizaji hahangaiki. Hakuna anayeuliza zimwi lilizikwa wapi.

Msikilizaji wa mighani huuliza. Simulizi za kifo cha Otenyo hazikubaliani: katika baadhi alipigwa risasi, katika nyingine jambo kuu ni kukatwa kichwa. Mhakiki mwenye kulishika fundisho la utendaji ataziweka simulizi hizo bega kwa bega na kuziita matoleo yenye hadhi sawa. Kwa mtazamo wa ufundi, hakosei. Lakini wasimulizi wenyewe hawasemi kwamba wanasimulia walimwengu tofauti. Wanabishana juu ya mtu mmoja. Toleo moja likiwa kweli, jingine limekosea, na kila mmoja wao anajua hivyo na ndiyo maana anapaza sauti. Kuwaambia kwamba wote wako sahihi si kuwaheshimu. Ni kuyafanya madai yao kuwa mapambo.

Wanafalsafa wamekwisha kulikuta tatizo hili kwa njia yao. David Lewis, katika kitabu cha mwaka 1986 (mwaka ule ule wa Zelda ya kwanza, kwa sadfa), alitetea rai kwamba walimwengu wengine wote wapo kweli kama huu wetu, na kwamba kusema fulani angeweza kushinda ni kusema kwamba mtu anayefanana naye anashinda mahali pengine. Kabla yake, Saul Kripke alikuwa ameipinga rai ya aina hiyo kwa mfano wa Hubert Humphrey, aliyeshindwa katika uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1968: Humphrey hajali hata kidogo kama kuna mtu mwingine aliyefanana naye akashinda. Kinachomuuma ni kwamba yeye angeweza kushinda. Wakubwa wa elimu ya mantiki wameendelea kubishana, lakini kwa mighani ya Gusii pingamizi hilo lina uzito wote. Otenyo wa ulimwengu mwingine, ambaye mkuki wake ulipenya na ambaye alizeeka kwake akizungukwa na wajukuu, hamsaidii chochote huyu aliyeuawa. Ni mgeni aliyeazima jina.

Je, basi msimulizi azuiwe kuwaza yasiyotokea? La. Kiswahili chenyewe kinampa nyenzo ambayo lugha nyingi zingeionea wivu. Sarufi sanifu hutenga -nge- na -ngali-: "angemuua" huacha mlango wazi, "angalimuua" humaanisha kwamba mlango ulikwisha kufungwa. Ni kweli wasemaji wengi siku hizi huvichanganya viambishi hivi, na walimu wamechoka kusahihisha. Hata hivyo, tofauti hiyo ina maana kubwa kimaadili. Asemaye "angalimuua" anaishika hasara na uwezekano katika neno moja. Hajatoroka kwenda tawi jingine. Amesimama katika hili akiangalia kule.

Unabii na uwezekano

Kuna sababu nyingine ya kuuhifadhi uwezekano huo, nayo inatokana na nguli mwingine wa Gusii. Inasimuliwa kwamba mwonaji Sakagwa, aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini, alitabiri kuja kwa wazungu, kunyang'anywa silaha kwa vijana, na hata mahali ambapo majengo ya mji yangesimama. Unabii ni kinyume cha matawi: wakati ni mmoja, nao umekwisha kuandikwa. Wanaoishika simulizi hiyo hupata faraja, kwa sababu kushindwa kulikotabiriwa si fedheha. Lakini faraja hiyo inawafaa pia waliofyatua risasi. Kama yote yalikuwa lazima yawe, hakuna aliyechagua, na pasipo uchaguzi hapana hatia.

Kumbukumbu za ofisi ya makoloni yenyewe zinaikanusha lazima hiyo. Mapema Februari 1908, Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo wa makoloni, alizisoma taarifa za msafara na hakupendezwa nazo. Aliona kwamba watu 160 walikuwa wameuawa bila hasara zaidi kwa upande wa serikali, akahoji kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kikubwa namna ile. (Alihofu pia Bunge la London lingesema nini, na hofu hiyo isifichwe.) Mtu huyo hakuwa rafiki wa Otenyo. Aliona tu, katika wiki zile zile, kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Basi tawi jingine si ndoto ya washairi wa baadaye; lilionekana kutoka kwenye meza ya mtawala, likaachwa.

Liliwahi kuonekana pia kutoka mitaani. Mnamo Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilipovuka mpaka na Waingereza wakakimbia Kisii, wenyeji waliingia mjini na kuzipora ofisi na maduka. Kwa waumini wa Mumbo, waliofundisha kwamba wazungu wangeondoka, ilikuwa kana kwamba wakati umegeuka. Waingereza walirejea upesi na adhabu ikafuata. Mwaka 1921 viongozi kadhaa wa imani hiyo walihamishiwa Lamu. Ni rahisi kuwacheka watu wale. Ni vigumu zaidi kueleza ni kosa gani walilofanya, isipokuwa kusema "ingekuwa" pale ambapo historia ilikuwa inawaandalia "ingalikuwa".

Ebrahim Hussein alilikabili jambo la namna hii katika Kinjeketile (1969). Kinjeketile wake, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa ameona yalivyoshindwa kuzuia risasi, kwa sababu anajua neno hilo litawafikia watoto wa wale waliokufa. Lililo muhimu ni kwamba Hussein hakuyafanya maji yafanye kazi. Jukwaani hakuna kinachomzuia mtunzi: risasi zingeweza kugeuka maji, na hadhira ingeshangilia. Aliwaacha wafu wakiwa wafu, na akatafuta uhuru wa shujaa wake mahali pengine.

Atakayeiandikia mighani ya Otenyo tamthilia atafikia njia panda iyo hiyo, pengine katika onyesho la tatu, mkuki ukiwa angani. Anaweza kuuacha umuue Nyarigoti. Hakuna kanuni ya sanaa inayomkataza, na huenda sherehe ya dakika chache ikawa haki ya hadhira ambayo haikuwahi kuipata. Ila itambidi aamue yaliyo baada ya hapo: kama pazia lifungwe juu ya ushindi, kana kwamba tawi limeota, au kama Northcote aliyelala sakafuni ainuke, ajikung'ute vumbi na kutoka kwenda Hong Kong, mbele ya macho ya watu. Katika ukumbi wa Kisii au Nyamira watakuwamo watazamaji wenye desturi ya kuzika wafu wao nyumbani, karibu na mlango. Onyesho likiisha watamfuata mtunzi nje, wamuulize kichwa kiko wapi.