Dawa ya Miti Msiitupe, Vidonge Msiviache



Wajukuu zangu, ubishi wenu wa juzi niliusikia wote, ingawa mlidhani nimelala. Mmoja wenu, anayesoma chuo Iringa, alisema dawa za miti shamba ni mambo ya wasiojua kusoma. Mwenzake, mwenye biashara pale Mwanjelwa, Mbeya, akamjibu kwamba za hospitali ni kemikali tupu, na mti wa Mungu haujawahi kumdhuru mtu. Wote wawili mmepotoka, ila kosa la huyu wa pili ndilo linalozika watu, kwa hiyo maneno mengi leo ni yake.

Wewe wa chuo nitakuambia machache. Kwinini iliyowatibu malaria wazee wako wa Kyela ilitoka kwenye gome la mti. Dawa mseto wanayopewa watu leo zahanati imetokana na majani ya artemisia, ambayo Wachina waliyatumia karne nyingi. Mama mmoja mtafiti wa huko, Tu Youyou, alihangaika nayo na wenzake kwa muda mrefu. Kila walipotumia moto mkali, dawa ilikuwa dhaifu. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu wa kale, Ge Hong, akakuta kimeandikwa kwamba majani yalowekwe majini kisha yakamuliwe. Hakikutaja kuchemsha. Akaelewa kuwa joto ndilo linaloharibu, akatafuta njia ya kuitoa dawa bila kuiunguza, na mwaka 1971 akafanikiwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mama yule hakuwadharau mababu zake, wala hakuwaamini kwa macho yaliyofumbwa. Alipima.

Hilo la kupima wakulima wetu wa pareto wa Umalila na Mufindi wanalijua kuliko mimi. Ua ni lile lile jeupe, lakini sumu ya wadudu iliyomo haifanani. Mbegu, udongo na baridi ya mahali huibadilisha, na ukilianika vibaya likavunda, sumu hushuka. Ndiyo maana wanunuzi wa Mafinga hawaridhiki kulitazama kwa macho; hulipima. Sasa mzizi uliochimbwa Rungwe masika na uliochimbwa kiangazi, nani amepima tofauti yake? Unaambiwa unywe kikombe kutwa mara tatu. Kikombe chenye nguvu kiasi gani? Aliyekupa hajui, na hajui kwa sababu hana cha kupimia, hata kama moyo wake ni mweupe kabisa.

Na mti hudhuru. Miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliotaka kupungua mwili walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Figo za wanawake zaidi ya 100 ziliharibika, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Wakati wanakunywa hawakusikia lolote la kuwashtua. Hapa kwetu nawaogopea zaidi wajawazito wanaopewa dawa ya kuharakisha uchungu. Dawa inayokaza kizazi bila kipimo inaweza kukipasua, mama na mtoto wakaondoka pamoja. Binti akifika leba akiwa amekunywa kitu, aseme kabla hajaulizwa.

Lakini hata hayo si ninayotaka zaidi mnisikilize. Mlikuwa wadogo mwaka 2011, magari yalipopita hapa yakielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 1,000, na watu walikwenda. Kikombe kilikuwa shilingi 500, cha mti wanaouita mugariga. Foleni ilijaa kilomita kwa kilomita, wengine wakafia humo humo kabla ya kufikia kikombe. Walikwenda mawaziri, walikwenda maprofesa, kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba walikuwa wajinga. Wataalamu wa serikali waliichunguza ile dawa wakasema haimdhuru mnywaji. Hapo ndipo watu walipoteleza. Waliposikia haidhuru, wakaelewa inaponya.

Sikilizeni jinsi ilivyowadanganya. Mtu mwenye VVU aliyekuwa akimeza dawa za kufubaza virusi alikwenda Samunge akiwa na nguvu. Nguvu zile alipewa na vidonge. Akanywa kikombe, akaacha vidonge, akarudi nyumbani mzima. Wiki ya kwanza mzima, mwezi wa pili mzima, akawaita majirani washuhudie. Hakuwa mwongo, alisema alichokiona mwilini mwake. Ndani, virusi vilikuwa vimeanza kuzaana tena, kwa kawaida ndani ya wiki chache, wala havipigi hodi. Kinga hushuka taratibu, na mtu akija kuanguka, kikombe kimeshasahaulika. Wanasema ni kifua kikuu, au karogwa. Ushuhuda wake wa mwanzo lakini unaendelea kutembea vijijini, na mwenzake anaufuata.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hakuna sehemu ya nchi inayopaswa kuogopa kosa hilo kuliko Nyanda hizi za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta watu wazima wenye VVU ni asilimia 11.3 Iringa, 11.4 Njombe, na 9.3 Mbeya. Kwa hiyo mganga anaposimama sokoni na spika akisema ana dawa ya ukimwi, kisukari na presha katika chupa moja, kati ya wanaomsikiliza wamo ndugu zetu, na wamo wenye vidonge mfukoni.

Tangawizi na mchaichai kwa mafua kunyweni. Mafua yangeisha yenyewe, lakini koo linapata nafuu. Mganga mwulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria yake ipo tangu 2002, na halmashauri ina mratibu wa kumwuliza. Chochote mnachokunywa, mwambieni nesi. Watafiti wa Marekani waliwahi kuona vidonge vya kitunguu swaumu vikipunguza kwa nusu hivi dawa moja ya VVU kwenye damu, saquinavir. Kama kitunguu swaumu kinaweza hivyo, mzizi usiojulikana je?

Na wewe uliyekwisha kuacha vidonge, ninayekujua na ninayekuficha hapa, rudi kliniki ya CTC wiki hii. Watakupima wingi wa virusi na kukuanzishia tena. Nesi huenda akakukaripia. Vumilia, karipio halimalizi saa moja. Ukiona haya kuonekana Iringa mjini, nenda Ilula au Tosamaganga. Ukiwa upande wa Rungwe, Igogwe ipo. Na kama huwezi kwenda peke yako, nipitie asubuhi, twende wote, nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe.