Je, Mama Amshukuru Mwanawe?



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wanangu, kurasa hizi kwa kawaida huandikwa na ninyi vijana, nasi wazazi huzisoma mnapotuletea nyumbani. Safari hii nimeombwa niandike mimi, mzazi wa mmoja wenu anayesoma Mbale, kuhusu likizo ndefu ya kiangazi, au vakansi kama tunavyoiita hapa Buyenzi, Bujumbura. Nimekubali kwa sababu vakansi ya mwaka huu imezusha swali katika baraza letu la akina mama, na sijaona kwamba tumelimaliza. Swali ni hili: mtoto anapomtumikia mama yake, je, inampasa mama amshukuru?

Wengi katika baraza letu walisema hapana. Mmoja wa rika langu alilitamka wazi: "Nimembeba miezi tisa, nimemnyonyesha miaka miwili, nimeuza vitumbua ili asome. Leo aoshe sahani mbili nimwambie ahsante? Mtu hashukuriwi kwa kulipa deni."

Hoja hiyo si nyepesi. Ukisoma Sura Luqman, aya ya 14, utaona jinsi Mwenyezi Mungu anavyotaja udhaifu wa mama mjamzito unaozidi juu ya udhaifu, na miaka miwili ya kumwachisha mtoto ziwa, kisha anamwamrisha mtoto amshukuru Yeye na wazazi wake. Amri ya shukrani imeelekezwa kwa mtoto. Tena Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Basi mama akikaa kimya mwanawe anapomtekea maji, nani atamlaumu?

Hata hivyo, naona neno "deni" linatupoteza. Imam Bukhari amepokea katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad kisa cha mtu wa Yemen aliyembeba mama yake mgongoni huku akitufu Al-Kaaba. Akamuuliza Abdullah bin Umar kama kwa kufanya hivyo amekwisha kumlipa. Akajibiwa kwamba hajalipa hata uchungu mmoja wa uzazi. Kisa hiki huwa tunawasomea watoto ili wajue ukubwa wa haki yetu, na ni sawa. Lakini nacho kina funzo kwa akina mama. Kama kumbeba mtu mgongoni katika joto la Makka hakupunguzi chochote katika deni, basi hili si deni la kuhesabiwa kwa daftari kama la dukani. Haiwezekani kuosha sahani kuwe sehemu ya malipo ya kitu kisicholipika. Ni jambo jingine.

Jambo hilo jingine Qur'ani imelipa jina. Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, neno lililotumika kuhusu wazazi si kulipa, ni ihsani. Ihsani ni wema unaotendwa kwa uzuri wake. Anayelipa deni akimaliza huondoka. Mwenye ihsani hamalizi, kwa sababu hakuanza kwa kuhesabu. Na mtu akikufanyia ihsani, adabu yake inajulikana: unashukuru. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na sijaona mahali alipowatoa watoto wetu katika hao "watu".

Mwenzangu yule hakukubali. Alisema mzazi akimshukuru mtoto hushusha cheo chake, na mtoto hulewa sifa. Nilimjibu kwa jina la Mola wetu. Miongoni mwa majina yake mazuri ni Ash-Shakuur, Mwenye kushukuru. Limetajwa katika Sura Faatir, aya ya 30, na mahali pengine. Hakuna anayedai zaidi yake. Pumzi tunayosalia ni yake, maji tunayotawadhia ni yake, na swala yenyewe ni wajibu juu yetu. Pamoja na hayo anaipokea amali ndogo na kuilipa kwa wingi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alikuta tawi la miiba njiani akaliondoa, na Mtume (s.a.w.) akasema kwamba Mwenyezi Mungu alimshukuru mtu huyo na kumghufiria. Kama Mwenye kila haki hakupungukiwa na utukufu kwa kumshukuru mja kwa sababu ya tawi la miiba, mimi nitapungukiwa na nini nikimshukuru mwanangu kwa ndoo ya maji?

Sasa, kushukuru ni nini hasa? Si kusema ahsante tu. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111 Miladia, ameeleza katika Ihya Ulum ad-Din kwamba shukrani ina sehemu tatu: elimu, hali na amali. Kwanza uijue neema na uliyemtoka; kisha moyo uwe na furaha kwa huyo aliyekupa; kisha uitumie neema katika anayoyaridhia. Mpangilio huu unafaa kabisa kwa vakansi.

Elimu huanza kwa kuona. Miezi ya masomo nyumba yetu huwa na watu watatu: baba yao, ambaye hutoka kwenda gereji mara baada ya Alfajiri, bibi yao, na mimi. Chakula cha usiku hutosha sahani tatu. Watoto wakirudi tunalishusha tena lile sinia kubwa, na hapo ndipo huona tulichokuwa tumekikosa. Kijana wangu hutuswalisha Alfajiri, nami niko nyuma yake, mimi niliyemshika kidole akisoma alifu na bee. Alasiri hukaa na bibi yake, ambaye ana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma msahafu, akamsomea Yasin taratibu, na bibi anamsahihisha kwa moyo pale ulimi unapoteleza. Dada yake anayesomea uuguzi humpima bibi presha na kuandika namba katika daftari la shule lililobaki kurasa. Haya si makubwa. Lakini mama asiyeyaona hana la kushukuru, hata akisema ahsante mara mia.

Hali ni ile furaha. Nayo ina uchungu ndani yake, kwa sababu vakansi ina mwisho. Masomo ya shahada ya kwanza yakiwa ya miaka mitatu au minne, basi vakansi zilizobaki ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja; baada yake ni kazi, ndoa, mji mwingine. Baadhi ya akina mama huugeuza uchungu huu kuwa lawama: "Mtaniacha." Nadhani lililo bora ni kuugeuza kuwa hamdu. Mtoto ni amana, na mwenye kuwekewa amana haombolezi kwa kuwa si mali yake. Humhimidi mwenyewe kwa kila siku aliyoachiwa.

Amali ndiyo ngumu zaidi, na hapa nataka kusema bila kuzunguka. Shukrani ya kweli inataka uadilifu. Binti wa jirani, mwanachuo kama ninyi, alikuja kunisaidia kuchambua mchele, akaniambia: "Mama, kaka akifua shati lake, nyumba nzima inasema mashaallah. Mimi nikifua nguo za nyumba nzima, naambiwa niharakishe kupika." Sikuwa na la kumjibu ila kwamba amesema kweli. Katika nyumba zetu nyingi vakansi ya mtoto wa kiume ni mapumziko, na vakansi ya mtoto wa kike ni kubadilisha kazi ya daftari kwa kazi ya jiko. Wote wawili wametoka katika mitihani ileile.

Kumshukuru mmoja kwa kuwapo kwake, na mwingine kutomshukuru hata kwa kazi yake, si shukrani, ni upendeleo. Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudilia Bashir alipompa mwanawe Nu'man zawadi ambayo hakuwapa wanawe wengine. Neno jema la mama nalo ni zawadi. Na ikiwa kuna kijana anayeona jiko si mahali pake, akumbuke jibu la Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani: alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumbani jembe hilo lina mpini wa kila mkono.

Tena shukrani isiwe rubuni. Iko tabia ya kumpokea mtoto kwa kutazama begi lake. Aliyekuja na kitenge huimbiwa, na aliyekuja na nguo chafu na nauli ya kukopa huulizwa mwenzake fulani anatuma kiasi gani. Mwanafunzi hana mshahara. Mama anayeshukuru ili apewe zaidi amerudi kwenye lile daftari la dukani, ila sasa analishika upande wa pili. Nyongeza aliyoahidi Mwenyezi Mungu kwa wenye kushukuru, katika Sura Ibrahim, aya ya 7, inatoka kwake Yeye, haitoki mfukoni mwa kijana wa miaka ishirini na moja.

Kwenu, wanangu, nina maneno machache. Shukrani ya mama haifuti wajibu wenu. Msiingoje ndipo mfanye. Anayetenda ili asifiwe ameiuza ihsani kwa bei ya chini. Msije mkakaa nasi mwili ukiwa mkekani na macho yakiwa kwenye simu, kwa maana tunachokishukuru zaidi ya maji na zaidi ya nguo zilizofuliwa ni kule kuwapo kwenu. Ulizeni habari za zamani wakati wenye kuzijua bado wapo. Na mkiona mama zenu hawasemi ahsante, msidhani hawajaona. Wengi wetu tulilelewa na wazazi walioshukuru kwa kukuongezea kipande cha samaki bila neno. Itambueni lugha hiyo pia.

Na kwa akina mama wenzangu ambao jarida hili litawafikia: tuseme. Neno halipunguzi haki yetu, na pepo iko kwa Mola wetu, haiko katika kunyamaza kwetu.

Namwomba Mwenyezi Mungu, Ash-Shakuur, azipokee amali zenu ndogo na kubwa, awarudishe vyuoni kwa salama, awafaulishe, na awajaalie wazazi wenu mliotanguliwa nao kaburi la nuru na rehema. Na walio hai, awape vakansi nyingine pamoja nanyi. Amin.

Wabillahi tawfiiq.