Kumnyima Kijana Moto

Kuna maswali ambayo mtu huyaweka kando akidhani kuwa umri utamjibia. Mimi nimekwisha kupita miaka sabini, na swali langu moja halijapata jibu la kuniridhisha: Je, mwalimu ana haki ya kumnyima kijana maarifa kwa sababu maarifa hayo yanaweza kumdhuru? Wengi watasema kuwa anayo, tena ni wajibu wake. Nami nilisema hivyo mwaka 1989, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nilisema kwa saini na mhuri. Namwomba msomaji anivumilie nisimulie kisa chenyewe, kisha tuhukumu pamoja.

Mwaka huo tulikuwa na mwanachuo mmoja wa sayansi, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Katika makasha ya vitabu vya msaada alikuta gazeti kuukuu la watu wa Ulaya wanaounda ndege ndogo za kuchezea, na ndani yake mchoro wa injini iitwayo palsijeti. Mimi huiita injini ya mapigo, maana huenda kwa kupigapiga kama moyo. Kwa sura si kitu cha kutisha. Ni bomba la chuma, pana mbele, jembamba nyuma. Na mbele kabisa pana vali za chuma chembamba zinazofunguka kuelekea ndani tu. Haina pistoni wala gurudumu linalozunguka. Kwa kuwa ni nyepesi hivyo kuitazama, kila mwenye mikono huona kuwa ataiweza.

Kijana yule alipata ekzosi ya lori bovu, akaikata na kuichomelea katika karakana ya chuo. Vali alizikata kutoka utepe wa chuma unaofungia marobota ya mitumba. Alipuliza hewa kwa pampu ya matairi na kuwasha kwa plagi ya pikipiki. Injini ilikohoa mara mbili tatu, ikanyamaza. Akaanza kutafuta kosa. Mafuta yakizidi, mwali mrefu wa manjano ulitoka nyuma pasipo mngurumo. Yakipungua, ulisikika mshindo mmoja mkavu, basi. Alimulika taa ndani ya bomba akaona mwanga ukipenya pembeni mwa vali. Akazisugua juu ya kioo hadi zikalala sawasawa. Alimwaga maji akaona mshono unavuja, akauchomelea upya. Kila jaribio aliliandika katika daftari, na kila mara alibadili kitu kimoja tu. Nimesahihisha madaftari ya maabara kwa miaka mingi, na nakiri kuwa sijapata kuona jingine lenye ukweli kama lile. Pale iliposhindikana aliandika kuwa imeshindikana. Injini haijali vyeo wala haidanganyiki kwa mwandiko mzuri.

Jioni moja ikawaka. Ilinguruma kwa sekunde chache tu, kabla ncha za vali hazijaungua, lakini madirisha ya bwenini yalitetemeka na chuo kizima kikatoka mbio. Nami nilitoka mbio. Nilimkuta amesimama kando ya bomba lililoiva rangi nyekundu, uso wake unang'aa kwa furaha, naye akaniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, waya wa plagi niliung'oa na injini ikaendelea. Ni kitu gani kilichowasha moto wa pili?"

Nilikuwa nimefundisha fizikia kwa miaka kumi na miwili. Sikujua. Wanachuo wapatao hamsini walikuwa wakinitazama. Nikasema kwa sauti ya ukubwa: "Hapa ni karakana ya chuo, si kiwanda cha mabomu." Nikaamuru bomba lifungiwe stoo, na kesho yake tangazo likabandikwa ubaoni kuwa mchezo huo ni marufuku kwa usalama wa wanachuo.

Sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli. Bomba lile huunguza, kelele yake huharibu masikio, na moshi wake katika chumba kilichofungwa unaweza kuua. Hakuna mkaguzi ambaye angenilaumu. Lakini sababu ya kweli yaweza kutumiwa kufunika sababu nyingine, na katika moyo wangu naijua ile nyingine: nilikuwa nimeulizwa swali nisilolijua mbele ya watu.

Kijana hakuacha. Aliunda bomba la pili katika chumba cha kupanga nje ya chuo, yeye na mwenzake mmoja, usiku, na mlango wakaufunga. Kwa nini waufunge? Ili mimi nisisikie. Petroli ilimwagika, ikashika moto. Mwenzake aliungua shingo. Yeye aliungua mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi kiwiko. Kamati ya nidhamu ilikutana, nikatia saini barua ya kumfukuza kwa kosa la kukaidi amri. Alikuwa amebakiza miezi minne kumaliza masomo. Ualimu hakuupata tena.

Mwaka 1994 nilipelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu. Jumamosi moja niliingia katika makumbusho ya vita jijini London, na nilipoinua macho nikaiona, imening'inizwa: V-1, bomu lenye mabawa ambalo Wajerumani walilirusha kuelekea jiji hilo kuanzia tarehe 13 Juni 1944. Juu ya mgongo wake kulikuwa na bomba lilelile la mwanachuo wangu, ila hili lilikuwa na urefu wa mita tatu na zaidi. Nilitafuta maelezo yake, na hapo nikapata jibu la swali la mwaka 1989. Mlipuko hufunga vali na kusukuma gesi nyuma. Gesi ile hutoka kwa kasi kiasi kwamba huacha upungufu wa hewa ndani. Vali hufunguka, hewa mpya na mafuta huingia, na sehemu ya gesi ya moto iliyokuwa inatoka hurudi ndani na kuwasha kilichoingia. Katika injini ya V-1 jambo hili hutokea mara 45 hivi kwa kila sekunde. Plagi ni ya kuanzia tu.

Nilisoma pia mambo mengine. Watu wa London walijifunza kusikiliza. Mngurumo ukiendelea, ulikuwa salama. Mngurumo ukikatika ghafla, bomu lilikuwa linaanguka. Mabomu hayo yaliua zaidi ya watu 6,000 nchini Uingereza. Nisifiche: niliposoma hayo nilifarijika. Nilijiambia, "Kumbe nilikuwa na haki. Bomba lile lilikuwa la mauti tangu asili yake."

Faraja hiyo haikudumu, kwani niliendelea kusoma. Sehemu ya mabomu hayo, pamoja na maroketi ya V-2, iliundwa ndani ya mahandaki karibu na mji wa Nordhausen na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi hiyo, na wapatao 20,000 walikufa. Aliyeshukiwa kuharibu kazi kwa makusudi alinyongwa mbele ya wenzake. Je, ubaya huo uliletwa na kijana mwenye maswali mengi? La hasha. Mhandisi Paul Schmidt wa Munich alilifanyia kazi bomba la namna hiyo miaka ya 1930, na yeye naye hakosi sehemu yake, kwani alikubali fedha za jeshi. Lakini mauaji yenyewe yalihitaji maofisi, mihuri, saini, na mahali ambapo kuuliza ni kosa la kunyongwa. Nilipoyatazama hayo niliona kuwa kati ya mimi na mwanachuo wangu, aliyefanana zaidi na watu wa maofisi yale, ingawa kwa udogo sana, hakuwa yeye.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta. Nilimkuta katika mji mdogo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, anafanya kazi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisaidia. Aliniamkia shikamoo kama zamani, akaniletea kigoda. Nikamweleza lile jibu nililolipata: gesi inayotoka ndiyo inayorudi kuwasha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Hilo nilikuja kulijua mwenyewe, mwalimu. Miaka yote hii nilidhani wewe ulilijua siku ile, ukaninyima."

Nikamwambia sikulijua. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Ungesema tu hujui, tungelitafuta wote." Nilimwomba radhi. Alinipa, lakini vidole vyake havikunjuki kwa radhi.

Kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2003 raia mmoja wa New Zealand, mtaalamu wa injini hizi za mapigo, alitangaza kuwa angeweza kuunda kombora karakanani kwake kwa gharama isiyofikia dola 5,000. Alisema anataka kuonya watu jinsi jambo hilo lilivyo rahisi. Je, maarifa kama hayo yatupwe tu sokoni, mwema na mwovu waokote? Siwezi kusema ndiyo. Kumfundisha kijana unayemwona kwa macho, unayejua tabia yake na nyumba yake, si sawa na kumwachia mpita njia usiyemjua. Lakini mwanachuo wangu hakuwa mpita njia. Alikuwa amesimama mbele yangu, na daftari lake mkononi.

Sasa jambo limenirudia kwa mlango mwingine. Mwaka jana mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha tano, alinijia na simu yake. "Babu, tazama." Ilikuwa injini ya mapigo, ya aina iliyokunjwa kama herufi U, isiyo na vali kabisa, ambayo kampuni ya Hiller ya Marekani iliishughulikia miaka ya 1960. Michoro na vipimo vyote alikuwa navyo kiganjani. Siku hizi stoo ya kufungia bomba haipo tena. Hata ningetaka kuficha, ningeficha nini?

Nilimpa masharti. Kwanza, tutaiwashia shambani, mbali na nyumba, mtungi wa gesi ukiwa mbali na bomba, ndoo za mchanga tayari, masikio yamezibwa, na asisimame mtu yeyote nyuma ya midomo ya bomba. Pili, kabla ya kuwasha asome habari za Dora na kunisimulia. Tatu, niwepo mimi. Alikubali, ingawa sharti la pili lilimshangaza.

Jumamosi mbili ilikataa kuwaka. Alitaka kuongeza gesi, kubadili urefu na kuhamisha plagi, vyote kwa wakati mmoja. Nikamwambia abadili kimoja na aandike. Akaniuliza, "Babu, wewe unadhani kosa liko wapi?" Nikamjibu, "Sijui. Tutafute." Neno hilo lilinitoka kwa wepesi ulionishangaza, nikakumbuka ni nini kiliungua mwaka 1989 kwa sababu sikulitamka. Jumamosi ya tatu iliwaka, nusu dakika hivi, na kuku wa jirani wakatawanyika.

Basi, msomaji, hukumu yangu ni hii, nawe uko huru kuipinga. Yapo mambo ya kumkataza kijana, na mzazi asiyekataza si mzazi. Lakini kabla hujakataza, jiulize kimoyomoyo kama unamkinga yeye au unajikinga wewe. Kama unajikinga wewe, mpe ukweli wako wote, hata ukweli wa kutojua, kisha kaa karibu naye na ndoo yako ya mchanga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu, na aliyeungua akawa mwana wa mwenzangu.