Keti Naye Leo!

Msimamizi wa mwanafunzi wa uzamivu, unajua! Sina jipya la kukwambia. Unajua rasimu iko mezani pako, unajua ni ya nani, unajua imelala hapo tangu lini. Kila asubuhi unaipita. Kila jioni unasema: kesho.

Ifungue! Tazama ulichoandika pembezoni mara ya mwisho. "Haieleweki." "Rudia." Alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, basi. Haieleweki wapi? Arudie nini? Arudie vipi? Umemwonyesha kidonda, dawa umeifungia kabatini!

Panda nami kilima cha Ndera, Rwanda. Hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko hapo imepokea wagonjwa tangu 1972. Mwanafunzi wa uzamivu anayekwenda kukusanya data mahali kama hapo huketi mbele ya mama aliyeamka alfajiri, aliyesafiri mbali, aliyekubali kumfungulia mgeni moyo wake. Mama huyo hakutoa siri yake ikalale kwenye kompyuta. Aliitoa ili mwenzake apone. Ni amana hiyo! Na amana imekwama kwako.

Usiseme, "Hana kipaji." Kuandika makala ya sayansi ni ufundi, na ufundi hujifunzwa kando ya fundi. Wewe ulifundishwa na nani? Mkumbuke aliyekuvutia kiti!

Usiseme, "Kiingereza chake kibovu." Wengi wa rika lake walikuwa wakisoma shuleni kwa Kifaransa, kisha mwaka 2008 serikali ikaamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Aliyebadilishiwa lugha katikati ya safari hachekwi. Hushikwa mkono!

Keti naye leo. Anzeni na jedwali. Mwambie akueleze kwa mdomo, kwa Kinyarwanda akipenda, linasema nini. Sentensi atakayoitamka pale, bila woga na bila madoido, ndiyo moyo wa makala. Iandikeni! Kisha mbinu: mlifanya nini, lini, kwa watu wangapi. Kisha matokeo. Kisha mjadala. Utangulizi uacheni nyuma, maana wengi huanza nao na kukwama mlangoni.

Chagueni jarida pamoja, kwa sababu fisi wako nje! Yako majarida ya ulaghai yanayobisha hodi kwa barua pepe, yanayomsifu mtu yasiyemjua, yanayoahidi kuchapa ndani ya siku chache mradi ada ilipwe. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake ndiye windo lao.

Na makala yakirudi na maneno makali ya wahakiki, usimwache! Someni barua ile pamoja. Chora safu tatu: walichosema, tulichojibu, ukurasa tuliorekebisha. Aone kwa macho yake kwamba hukumu inajibika, kwamba hasira haiandiki, kwamba kurekebisha si kushindwa.

Sasa jina lako. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi: kuchangia kazi yenyewe, kuandika au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, kuwajibika kwa yaliyomo. Yote manne! Usivune shamba ambalo hukulilima!

Unauliza kama kuketi naye kunafaa? Mkumbuke Naasson Munyandamutsa, daktari wa akili Mnyarwanda. Yeye na wenzake walipima kiwewe, ihahamuka kwa Kinyarwanda, miaka 14 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Zaidi ya robo ya waliohojiwa walikuwa nacho. Matokeo yakachapishwa 2012. Daktari akafariki 2016. Mwandishi amelala, makala hayajalala! Mtafiti wa leo, awe Kigali, awe Nairobi, awe Ghent, anayafungua na kuanzia pale alipoishia.

Je, kama yangebaki mezani kwa mtu? Kama angesubiri kesho ya mtu? Maumivu yale yangekuwepo vilevile, ila yasingehesabiwa.

Ndiyo, una vikao. Ndiyo, una madarasa. Ndiyo, umechoka. Lakini data huzeeka, ufadhili huisha, mwanafunzi hukata tamaa akaenda kutafuta kibarua kingine. Siku hiyo utasema alikuwa mvivu, na moyo wako utajua ukweli.

Geuka! Saa moja kwa wiki, viti viwili, jedwali moja. Huhitaji semina, huhitaji bajeti, huhitaji ruhusa ya mkuu wa idara.

Simu iko mkononi mwako. Mpigie kabla hujafunua ukurasa unaofuata. Usimuulize amefika wapi, mwambie, "Njoo na jedwali lako, nimekuvutia kiti."