Mzigo Umemwachia Nani?



Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka mitatu ya ndoa, tukasema safari hii hatukai nyumbani. Jumamosi asubuhi tukatoka Dar es Salaam, tukapita Tegeta, Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 hivi, lakini ukifika unajiona uko mbali kabisa na jiji. Tulitembelea magofu ya Kaole, tukapiga picha Ngome Kongwe, jioni tukala pweza wa nazi miguu ikiwa mchangani. Raha tupu.

Kuna Wakristo wanaoona raha ya namna hii kama kadhambi kadogo. Mimi sioni hivyo. Katika Injili ya Marko sura ya 6, mitume wanarudi kazini wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, na Yesu mwenyewe anawaambia waende mahali pa faragha wakapumzike. Mungu hachukii mapumziko yetu. Swali langu ni jingine, na nilikutana nalo Jumapili, mezani.

Asubuhi tulisali Misa ya kwanza kule misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa na kuanzisha kijiji chao. Baada ya Misa tukasimama kwenye Mnara wa Livingstone. Mwili wa mzungu yule ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka nchi tunayoiita leo Zambia. Mnara una jina lake. Chuma, Susi na wenzao walioubeba hatuwataji sana.

Jina la mji nalo lina habari mbili. Wengine husema wapagazi waliotembea miezi kutoka bara, wakifika pwani walitua mizigo, wakabwaga moyo, wakapumzika. Wengine husema ni mtumwa aliyeiona bahari, akajua kwao harudi tena, akauacha moyo wake pale. Mahali ni palepale: mmoja anapumzika, mwingine anakata tamaa.

Mchana tukaenda kula ufukweni. Palijaa kweli kweli. Dada aliyetuhudumia alikuwa anakimbia tangu tulipoingia. Tuliagiza changu wa kukaanga, halafu tukabadili tukataka wa kupaka. Juisi nayo tukairudisha, eti haina baridi. Alipoona rozari mkononi mwangu akatabasamu: "Mmetoka Misa? Padre kahubiri nini leo?" Nikamuuliza yeye kasali ya saa ngapi. "Mimi Jumapili sipati, kaka. Ndiyo siku wateja wanajaa. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka." Meza nyingine ikamwita, akaondoka mbio.

Tukanyamaza kidogo. Mke wangu akasema, "Sasa tufanyeje, tusile? Wateja wote tukiacha kuja, si atakosa kazi?" Ana hoja. Tukisusa, hatumpi Misa, tunamnyima riziki tu. Nikaona nimepata pa kutokea, nikajibu haraka kwamba basi kosa ni la mwajiri wake.

Akanitazama. "Na dada wa nyumbani kwetu je?"

Hapo nikakosa la kusema. Tulikuwa tumemwachia mtoto tangu Jumamosi. Nikaanza kuzihesabu Jumapili zote ambazo tumerudi kutoka kanisani tukakuta chai mezani. Yeye alikuwa jikoni. Naye ni Mkatoliki, kabatizwa kama sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate walau saa 24 za mapumziko kila wiki. Sikuwahi kufikiri kwamba inahusu nyumba yangu. Mwajiri wa kulaumiwa kumbe ni mimi.

Ukifungua Biblia utaona amri ya Sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20, sababu yake ni uumbaji: Mungu naye alipumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu ni kwamba Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa. Ndiyo maana pale anatajwa mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni, hata punda, na inasisitizwa kwamba watumishi wapumzike kama bwana wao. Pumziko, basi, si bidhaa ya mwenye pesa. Ni haki ya kila aliyekombolewa, na aliyekombolewa anatakiwa ampe na mwenzake.

Sisemi dada yule au dada wetu ni mtumwa. Neno hilo lisichezewe, hasa ukiwa Bagamoyo. Lakini Katekisimu, namba 2187, inamtaka kila Mkristo asiwadai wengine, bila lazima, mambo yatakayowazuia kuitunza Siku ya Bwana. Haisemi migahawa ifungwe. Inatutaka tujiulize kipi ni cha lazima. Ile juisi haikuwa na lazima yoyote.

Tulimwachia yule dada bakshishi nzuri, ila bakshishi haimrudishii mtu Misa. Nyumbani ndiko tulikoweza kubadili kitu. Sasa ni Jumapili ya tatu dada wetu anatoka asubuhi, anarudi jioni. Chai napika mimi, na chupa za mtoto naosha mimi. Usingizi wangu wa mchana umepungua, na sina cha kulalamika, maana muda ule nilikuwa nauchukua kwake.

Kwa hiyo, mpendwa, panga mtoko wako na mwenzako, mle, mcheke, mmshukuru Mungu. Ila kabla hamjabwaga moyo, jiulizeni mzigo mmemwachia nani, na yeye atautua lini.

Ee Bwana, unayewaita waliolemewa na mizigo waje kwako, usikubali niwe mzigo wa mwenzangu. Amina.

Jumapili njema, na tafakari njema!